Chombo Kipya, Sikio Lilelile

Wapenzi wa vyombo vya kusikilizia muziki wana kauli moja ambayo haikosekani mmoja wao anapobadilisha kifaa. Awe amenunua amplifaya, hedifoni, sindano ya santuri au hata waya wa spika tu, atakwambia: nimesikia vitu kwenye wimbo huu ambavyo miaka yote sikuwahi kuvisikia. Na mifano atakupa. Mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Kidole kinateleza kwenye uzi wa gitaa. Kule nyuma kabisa, upande wa kushoto, kuna mtu anapiga kayamba taratibu. Wanaombeza humwambia anajidanganya, kwamba anajitafutia sababu ya kuona fedha zake hazikupotea bure.

Mimi namwamini. Kayamba imo kwenye rekodi, na ameisikia kweli. Ninachokataa ni maelezo yake ya kwa nini ameisikia leo.

Tutazame alichofanya jioni hiyo. Amefungua boksi, ameunganisha nyaya, amezima simu, amekaa mbele ya spika zake mbili, ameweka wimbo anaoujua kuliko nyimbo zote, kisha akafumba macho. Saa mbili nzima hakuinuka. Mara ya mwisho kusikiliza muziki namna hiyo ilikuwa lini? Kwa wengi ni siku waliponunua kifaa kilichotangulia. Hapo katikati muziki ulikuwa ukilia huku mwenyewe akijibu ujumbe, akipiga pasi au akizungumza na watu. Kwa hiyo siku ya kifaa kipya vimebadilika vitu viwili kwa mpigo: kifaa, na usikivu wa mwenye kifaa. Cha kwanza kinaonekana, kina jina na kimelipiwa, basi sifa zote hupewa hicho. Cha pili hakuna anayekihesabu.

Hoja yangu ni kwamba hicho cha pili ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi, na ndicho watu hawa wanachokifukuzia pasipo kujua. Wananunua usikivu wao wenyewe. Na kwa kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda, unyemi ukiisha usikivu nao hulegea, muziki unarudi kuwa sauti ya nyuma ya shughuli nyingine, na mtu anaanza kuhisi mitambo yake imepungukiwa na kitu. Hapo anaanza kutafuta upya.

Swali la kama watu hawa wanapenda sauti au wanapenda vyombo huulizwa kana kwamba kuna makundi mawili, la wakweli na la waongo. Nionavyo, karibu wote waliingia kwa mlango wa sauti. Siku moja kila mmoja wao alikaa mbele ya spika nzuri zilizopangwa vizuri, akasikia wimbo alioukariri tangu utotoni ukisimama mbele yake, mwimbaji katikati, ngoma nyuma yake, kila ala mahali pake. Mshtuko ule ni wa kweli, na tofauti kati ya spika ya simu na spika mbili nzuri haihitaji kipimo wala ubishi. Tabu ni kwamba hatua hiyo ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote. Zinazofuata hufupika haraka sana, ila hamu ya kushtuka tena haifupiki.

Hatua hizo zinafupika kwa kiasi gani? CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, kutokana na kazi ya pamoja ya Sony na Philips, ilibeba sampuli 44,100 za sauti, yaani vipimo vyake vya papo kwa papo, kwa kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16. Hesabu hiyo inatosha kubeba masafa yote hadi Hz 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambacho ndicho kikomo cha juu cha sikio changa lenye afya, na inaacha takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Amplifaya ya kawaida iliyoundwa vizuri hupotosha sauti kwa chini ya asilimia 0.1. Spika inayopokea umeme kutoka kwa amplifaya hiyohiyo, ikipiga besi nzito kwa sauti kubwa, inaweza kupotosha kwa asilimia kadhaa. Katika safari ndefu ya sauti kutoka kwenye maikrofoni hadi sikioni, sehemu ya katikati yenye saketi na nyaya ilishapatiwa ufumbuzi zamani. Matatizo makubwa yamebaki kwenye ncha mbili: jinsi wimbo ulivyorekodiwa na kukamilishwa studio, na spika ndani ya chumba. Lakini sikiliza mazungumzo ya wapenzi wa vyombo. Sehemu kubwa ni ya katikati.

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio lao katika jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti. Walichukua rekodi za ubora wa juu, zile za SACD na DVD-Audio zilizouzwa kwa ahadi ya kuishinda CD, wakawa wanazipitisha au hawazipitishi kwenye kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha CD, na wasikilizaji hawakujua ni lini. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio ya aina hiyo kutoka tafiti 18 na kuyapima kwa pamoja; akapata kwamba watu waliweza kutofautisha kwa asilimia 52.3. Si bahati tupu, kwa hiyo wanaosema hakuna tofauti yoyote kamwe nao wanazidisha. Ila tazama ukubwa wa tofauti yenyewe, kisha ukumbuke maneno tunayoyasoma kwenye hakiki: pazia limeondolewa, usiku na mchana, kama kusikia muziki kwa mara ya kwanza maishani.

Jaribio ninalolirudia kichwani kila mara ni jingine, na matokeo yake mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa Harman, kampuni ambayo yenyewe hutengeneza spika, waliwakalisha wafanyakazi wa kampuni hiyo wasikilize spika kadhaa na kuzipa alama, wakiziona na pia zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, spika kubwa za kifahari zilipata alama za juu, na seti ndogo ya plastiki yenye sabufa ikaachwa mbali. Pazia liliposhushwa, pengo hilo likayeyuka na seti ile ndogo ikasimama vizuri mbele ya wakubwa wake. Nusu hii watu wanaijua. Nusu ya pili ni nzito zaidi. Watafiti walikuwa wakihamisha spika kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine na kubadilisha nyimbo, mambo ambayo kweli hubadilisha sauti inayofika sikioni. Wasikilizaji waliokuwa wakiona hawakuyajali sana mabadiliko hayo. Alama zao zilibaki zimeng'ang'ania kile walichokiona. Walipofichiwa spika, waliyasikia na wakayaandika.

Maana yake ni kwamba macho hayakuishia kuwasikilizisha kisichokuwapo. Yaliwaziba wasisikie kilichokuwapo. Mtu anayesema anapenda sauti, tena anapenda hasa chembechembe zake ndogo, angetakiwa kuogopa jambo hili kuliko lolote jingine, na angekuwa wa kwanza kudai pazia. Badala yake, katika ulimwengu huu, pazia ndilo linalochukiwa. Husemwa linaleta wasiwasi, kwamba sikio linahitaji wiki kadhaa kuzoea, kwamba muziki haupimwi maabara. J. Gordon Holt, aliyeanzisha Stereophile, jarida la vyombo hivi, mwaka 1962 na kuwafundisha wahakiki wa baadaye kuandika walichokisikia badala ya kunukuu vipimo, alilalamika hadharani uzeeni, mwaka 2007, kwamba uwanja huu umejivunjia heshima kwa kukataa majaribio ya kuficha. Mtu ambaye ndiye aliyejenga desturi ya kuliamini sikio aliona kwamba desturi hiyo imeacha kuliamini.

Majira ya joto ya mwaka 2022 ulimwengu huo ulipewa jaribio ambalo haukuliomba. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimika sana kwa kutoa upya santuri za zamani, ilikuwa imejijengea jina kwamba kazi yake inatoka moja kwa moja kwenye kanda halisi za studio, na wanunuzi wake waliamini hakuna hatua ya dijitali popote njiani. Wahandisi wake wakakiri mbele ya kamera kwamba kwa miaka zaidi ya kumi, kwa matoleo mengi, kanda ilinakiliwa kwanza kwenye faili la dijitali na santuri ikakatwa kutoka kwenye faili hilo. Katika kipindi chote hicho, wasikilizaji waliodai wanaweza kuunusa udijitali kutoka chumba cha pili walizisifu santuri hizo kama mfano wa utamu wa analojia, yaani sauti isiyopitia dijitali. Hakuna sikio lililotoa taarifa. Siri ilifichuka kwa kuulizana, wala haikufichuka kwa kusikiliza.

Wanunuzi walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu waliuziwa kitu kwa maelezo ambayo hayakuwa kamili. Kesi ilifunguliwa, na makubaliano yakatoa nafasi ya kurudisha santuri na kurudishiwa fedha. Lakini sauti iliyokuwa kwenye mifereji ya santuri zile haikubadilika hata kidogo kati ya jana yake na siku ya habari. Aliyeona furaha yake imekufa siku ile alikuwa anapenda simulizi ya jinsi kitu kilivyotengenezwa. Simulizi ni kitu kizuri, na watu hupenda vitu kwa sababu ya simulizi zake tangu dunia iumbwe. Tuiite simulizi basi, tusiibebeshe sikio.

Sasa kwa nini watu wenye akili zao wanaganda katikati ya mnyororo huo wa sauti, kwenye saketi na nyaya, mahali penye tofauti ndogo, na kuziacha ncha? Jibu langu ni jepesi: katikati panachomoleka. Unachomoa kimoja, unachomeka kingine, kabla ya usingizi umeshapata hukumu. Chumba hakichomoleki.

Hapa namkumbuka Wallace Sabine, mhadhiri kijana wa fizikia wa Harvard, ambaye mwaka 1895 aliombwa atafute dawa ya ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg. Ukumbi ulikuwa mpya na maneno ya mhadhiri hayakueleweka ndani yake. Neno moja liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde tano, likikanyagwa na yaliyolifuata. Sabine hakuwa na kifaa chochote cha kielektroniki, kwa kuwa havikuwapo. Alikuwa na bomba la kinanda, chombo cha kuhesabu muda, na masikio yake. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umelala. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, Sanders Theatre, wakaipanga ndani ya Fogg, wakapiga bomba, wakanyamaza na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Wakaongeza mito, wakapima tena. Kabla ya asubuhi wakairudisha yote mahali pake. Alipogundua kwamba hata nguo alizovaa zinameza sauti kiasi cha kuvuruga vipimo, akaanza kuvaa mavazi yaleyale kila usiku wa kazi. Kutoka kwenye mito ile ilitoka kanuni ya mvumo wa kumbi ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo, na ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 na ambao bado unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani, ulijengwa kwa ushauri wake.

Nikitaka mfano wa mtu aliyependa sauti, namchukua huyu. Hakuna kitu alichokimiliki mwishoni mwa kazi ile isipokuwa uelewa.

Na kanuni za Sabine na waliomfuata zinafanya kazi kwenye kila chumba chenye spika. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 5 kina noti yake ya besi, karibu Hz 34, ambayo wimbi lake linaenea mita 10, urefu wa chumba mara mbili. Ukikaa katikati kabisa ya urefu huo, noti hiyo karibu inapotea. Ukisogeza kiti hadi ukutani, inavimba na kufunika nyingine. Na hiyo ni moja tu. Upana nao una noti zake, dari nayo ina zake, na mabonde na vilima hivyo kwa kawaida hufika desibeli kumi na zaidi. Hakuna amplifaya mbili nzima duniani zinazotofautiana kwa besi kiasi hicho. Anayelalamika kwamba besi yake ni nyembamba angeweza kuihamisha sabufa, au kusogeza kiti chake nusu mita, akasikia badiliko kubwa kuliko la kifaa chochote atakachoagiza. Lakini kusogeza kiti hakuna boksi la kufungua, hakuna wa kumpongeza, na huenda kukadai kabati lihame na zulia nene litandikwe, jambo la kujadiliana na kila anayeishi humo.

Ncha ya pili, ya rekodi, inapuuzwa vivyo hivyo. Watu hubishana miaka kwa miaka kama santuri inaishinda CD, wakilinganisha nakala mbili za albamu moja ambazo zilikamilishwa na mafundi tofauti, kwa miaka tofauti na kwa maagizo tofauti. Kuanzia miaka ya 1990 nyimbo nyingi zilibanwa ili zisikike kubwa kuliko za jirani. Sehemu tulivu ikapandishwa, ngoma ikakatwa kichwa, wimbo wote ukabaki kwenye kimo kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiwa toleo la santuri lilinusurika na ubanaji huo, litapendeza zaidi, na sababu ni mkono wa fundi. Faili la dijitali la toleo lilelile lingependeza vilevile.

Hata MP3, inayotajwa kwa dharau kuliko kitu chochote kwenye ulimwengu huu, ina historia ambayo wapenda sauti wangepaswa kuiheshimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Karlheinz Brandenburg na wenzake kule Erlangen, Ujerumani, walipodhani wamekaribia kumaliza kuiunda, waliujaribu mfumo wao kwa wimbo wa Suzanne Vega anaoimba peke yake bila ala yoyote. Sauti ya mwanamama huyo ikatoka imechafuka vibaya. Wakarudi kazini na kuusikiliza wimbo huo tena na tena na tena, wakirekebisha hesabu zao mpaka sauti yake ikakaa sawa. Walikuwa wanatafuta kitu gani cha sauti kinaweza kuondolewa pasipo sikio kujua, na huwezi kulijibu swali hilo bila kulijua sikio kwa kina kuliko mnunuzi yeyote wa nyaya.

Kuna hasara moja ya mbio hizi ambayo inaniumiza kuliko fedha, nayo haizungumzwi. Mtu akishazoea kutumia muziki kupimia vyombo, anaanza kuchagua muziki unaopimika. Umkute na mgeni wake: anaweka wimbo ambao besi yake inashuka kwenye sekunde ya arobaini, anasubiri besi ishuke, anamtazama mgeni usoni, anaukata. Anaweka mwingine wenye kengele ndogo zinazozunguka kutoka kulia kwenda kushoto. Zikishazunguka, anaukata. Hakuna wimbo unaofika mwisho. Mwaka baada ya mwaka, orodha yake inabaki na nyimbo zilezile zilizorekodiwa kwa usafi wa ajabu, nyingi zikiwa hazina cha kusema. Louis Armstrong wa miaka ya 1920 hawezi kupigwa hapo, kwa sababu rekodi zake zina mikwaruzo na besi haipo. Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928 hawezi kupigwa hapo. Mitambo iliyonunuliwa ili muziki usikike vizuri zaidi imewafungia mlango watu walioimba vizuri kuliko wote. Huyu sasa nathubutu kusema wazi kwamba ameacha kupenda sauti, kwa sababu sauti ya binadamu aliye hai inayopenya kwenye mikwaruzo ya miaka mia moja haimgusi tena.

Lakini sitaki kuonekana nawatupia mawe watu wa vyombo. Kupenda chombo kwa ajili ya chombo ni mapenzi halali kabisa. Sahani nzito ya santuri inayozunguka bila kuyumba, taa ya amplifaya ya zamani inayopata joto taratibu, spika ambayo mtu ameichonga mwenyewe kwa mbao na hesabu zake, hivi ni vitu vya kupendeza, na ufundi wake unastahili heshima. Ile spika ndogo ya BBC, LS3/5A, iliyobuniwa miaka ya 1970 ili mafundi wapate cha kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, leo inatafutwa na wakusanyaji kama johari. Sioni ubaya. Anayesema naipenda kwa sababu ni nzuri na ina historia, amesema ukweli mtupu. Ugomvi wangu ni na anayesema sikio langu ndilo lililoniambia ninunue, ilhali hajawahi kulipa sikio hilo nafasi ya kuzungumza peke yake.

Na kuna deni ambalo sisi wengine wote tunadaiwa na watu hawa. Siku hizi ni wachache mno wanaokaa chini wakasikiliza muziki bila kufanya jambo lingine lolote. Mpenzi wa vyombo bado anafanya hivyo, japo kwa msukumo wa kifaa kipya. Ametenga kona, ameweka kiti, ameamua kwamba muziki ni shughuli inayojitosheleza. Desturi hiyo ni ya thamani, na ningependa ienee hata kwa mtu mwenye spika mbili za kawaida.

Ajabu nyingine ni jinsi sikio lenyewe linavyosahauliwa. Uwezo wa kusikia masafa ya juu hupungua kadiri umri unavyosonga, na hupungua haraka zaidi kwa anayejipigia muziki kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kiwango salama kwa mtu mzima, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 89 zimebaki saa 5 kwa wiki nzima. Kwa desibeli 95 ni kama saa moja na robo. Anayevaa hedifoni za kifahari zinazotangazwa kufika Hz 40,000, akazipiga kwa kiwango hicho kila usiku, anachoma kile kitu pekee kwenye mnyororo wake ambacho hakina cha kubadilishia.

Lakini sikio pia hufundishika, na hapa utafiti wa Reiss una habari njema ambayo haikupewa vichwa vya habari: uwezo wa kutofautisha ulipanda waziwazi kwa watu waliopewa mafunzo kabla ya jaribio. Watu wa Harman waliwahi kutoa bure programu ya kumzoeza msikilizaji kutambua ni masafa yapi yamepandishwa au kushushwa kwenye wimbo. Mtu akifanya mazoezi ya namna hiyo kwa wiki chache, atasikia mambo mengi kwenye spika zake za zamani. Sijawahi kumwona mhakiki anayependekeza mazoezi hayo kabla ya kupendekeza waya.

Kwa wahakiki ndiko ningepeleka lawama nzito zaidi, kwa sababu mnunuzi hujifunza kusikiliza kutoka kwao. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, walipochapisha kazi yao, tunajua kwamba sikio halipokei masafa yote sawa, na kwamba sauti ikipandishwa kidogo tu besi huonekana kujaa zaidi. Vifaa viwili vinavyotofautiana kwa desibeli moja peke yake vitasikika kama kimoja kina uhai na kingine kimepoa, na msikilizaji hatajua kwamba alichosikia ni ukubwa wa sauti. Kusawazisha kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya desibeli kunahitaji kipimo cha volti na dakika tano. Kuficha kifaa kunahitaji kitambaa na mtu wa pili wa kubadilisha nyaya. Mhakiki ambaye hakufanya hayo mawili, akajaza kurasa tatu kuhusu jinsi waya mpya ulivyofungua jukwaa la sauti na kulainisha sauti za juu, hajatuambia chochote kuhusu waya huo.